Nambi, Nabarwa na wasichana wa hadithi zetu



Kikundini tunapenda kuandika hadithi kwenye simu. Tunachukua wahusika wanaojulikana, wa sinema au wa hadithi za kale, tunawapa maisha mapya. Shida inaanzia kwa wasichana. Unakuta steringi anaogopa, anakosea, anabadilika. Msichana yeye analia, anaokolewa, au ndiye analeta balaa. Akipewa nguvu, basi anapigana tu kama mwanaume aliyevaa gauni. Dada zetu wamelalamika, na wengine wameacha kuandika. Tukajiuliza: tabia hii tumeitoa wapi? Tukaangalia hadithi za huku mashariki ya Uganda, na tukaona ni ya zamani.

Tuanze Mbale. Wamasaaba wanasimulia habari za babu yao Masaba, na mlima Elgon wanauita kwa jina lake. Masaba alimpenda Nabarwa, binti wa watu wengine. Wengi husema ni Wakalenjin. Nabarwa akamwambia: sikubali mpaka utahiriwe kama wanaume wa kwetu. Masaba akakubali. Hiyo ndiyo asili ya imbalu, tohara inayofunguliwa Mutoto, karibu na Mbale, mwezi wa Agosti kila baada ya miaka miwili, kama 2022 na 2024. Fikiria: desturi kubwa ya ushujaa wa wanaume imetoka kwenye sharti la msichana! Lakini jinsi tunavyosimuliwa, akishasema sharti lake anapotea. Aliwaacha nani kwao? Alizeekaje? Hakuna. Amemfanya Masaba kuwa mwanaume, kazi yake imeisha.

Sasa tushuke barabara ya Jinja, tuingie Busoga. Huku wanamsimulia Kintu, na masimulizi mengi husema alitoka upande wa mlima huo huo, akapita Busoga ndipo akafika Buganda. Mwanahistoria David William Cohen aliandika juu ya masimulizi hayo ya Busoga katika kitabu cha 1972. Waganda ndio wanasimulia zaidi habari za mke wake Nambi, binti wa Ggulu wa mbinguni. Waliambiwa waondoke bila kurudi nyuma, ili Walumbe, kaka yake Nambi, yaani Kifo, asiwafuate. Katika kitabu cha mmisionari John Roscoe cha 1911, Nambi anakumbuka ulezi wa kuku. Kintu anamkataza, hasikii, anarudi, na Kifo kinakuja duniani.

Hiyo ndiyo watoto wengi wanaijua. Lakini kuna masimulizi mengine yaliyoandikwa zamani ambamo ni Kintu anayerudi, na Nambi ndiye anayemkataza. Kuku ni yule yule, ulezi ni ule ule. Lawama tu ndiyo imehama. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba "hadithi iko hivyo." Kila msimulizi amechagua nani abebe kosa.

Sisi wakimbizi jambo hili linatugusa. Nambi na Nabarwa wote wawili waliolewa ugenini. Balaa likitokea, mgeni ndiye anaangaliwa kwanza. Hiyo tunaijua vizuri. Msichana mkimbizi anabeba mara mbili. Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, tazameni picha za kwenye ripoti: mama amebeba mtoto, macho chini, hajulikani anafanya kazi gani wala anataka nini. Ni Nabarwa tena. Yupo ili mwingine aonekane shujaa.

Wako waliotutangulia kubadilisha mambo. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda, kiko Kampala tangu miaka ya 1990. Jennifer Nansubuga Makumbi, katika riwaya yake The First Woman ya 2020, anamfuata Kirabo, msichana anayemtafuta mama yake na kusikia habari za mwanamke wa kwanza kwa namna nyingine kabisa. Kirabo anakasirika, anapenda, anakosea. Ni mtu.

Basi kabla hujatuma hadithi yako, jiulize. Msichana wako anataka nini yeye mwenyewe? Ukimtoa, hadithi inaharibika au inaendelea tu? Balaa likija, kwa nini umempa yeye?

Wiki hii tunaandika wote, kaka zetu pia: usiku wa kwanza wa Nabarwa ugenini. Masaba anaweza kulala.