Watoto Wenye Vinasa Sauti

Tangu redio ilipoanza kusikika duniani, kazi ya mtoto imekuwa kusikiliza. Mkubwa husema, naye hutega sikio. Shule za Kenya zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, masomo yalipelekwa nyumbani kwa redio, na mwanafunzi akaketi kimya mbele ya sauti ya mwalimu asiyeonekana. Hapana ubaya katika hilo, kwani asikilizaye hujifunza. Lakini yafaa kuuliza: mtoto akishika yeye kipaza sauti, atatuambia nini ambacho mkubwa hawezi kutuambia? Swali hili lilipata jibu katika mji wa Chicago, Marekani, mwaka 1993, na jibu lenyewe lastahili kukumbukwa.

Upande wa kusini wa mji huo palikuwa na mtaa wa majumba yaliyojengwa na serikali kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Ulifunguliwa mwaka 1941, ukapewa jina la Ida B. Wells, mwanamke aliyezaliwa utumwani mwaka 1862, akawa mwalimu, kisha mwandishi wa habari aliyefichua jinsi watu weusi walivyouawa na makundi ya watu bila ya kufikishwa mahakamani. Mtaa ulianza kwa matumaini. Nusu karne baadaye ulikuwa umechakaa. Kazi zilikuwa haba, bali bunduki na dawa za kulevya zilikuwa tele. Waandishi wa magazeti walifika damu ilipomwagika, wakaandika, wakaenda zao. Hivyo mtaa uliobeba jina la mwandishi ukawa hauna mwandishi wake.

Ndipo wakatokea wavulana wawili, LeAlan Jones wa miaka 13 na rafiki yake Lloyd Newman wa miaka 14. Mtengenezaji wa vipindi vya redio, David Isay, aliwapa vinasa sauti, akawafundisha kuvitumia. Wakatembea navyo siku kadhaa, nyumbani na njiani, wakihoji jamaa na majirani. LeAlan alizungumza na nyanya yake aliyemlea. Lloyd alizungumza na baba yake, ambaye ulevi ulikuwa umemtenga na wanawe. Fikiri, msomaji, uzito wa jambo hilo. Mgeni angemwuliza mzee yule, naye angejibu kama ajibiwavyo mgeni. Mwana alipomwuliza, jibu lilikuwa deni.

Kipindi chao kiliitwa Ghetto Life 101. Katika vyuo vingi vya Marekani, 101 ni nambari ya somo la kwanza, la mwanafunzi asiyejua kitu bado. Basi kwa jina hilo mambo yaligeuzwa: watoto wakawa walimu, na taifa zima likaketi darasani. Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata.

Mwezi wa Oktoba 1994 jambo la kutisha lilitokea katika mtaa uo huo. Mtoto wa miaka 5, Eric Morse, aliangushwa kutoka dirisha la ghorofa ya 14 na wavulana wawili, mmoja wa miaka 10 na mwingine wa 11, kwa kuwa alikataa kuwaibia peremende. Ndugu yake wa miaka 8 alijaribu kumshika, asiweze. Nchi nzima ilipiga kelele juu ya watoto waovu. LeAlan na Lloyd hawakupiga kelele. Walirudi na vinasa sauti, wakauliza watoto hao walikuwa akina nani, na walilelewa na mtaa wa namna gani. Kipindi kilichotokana na kazi hiyo, Remorse, kilitangazwa mwaka 1996, kikapata tuzo ya Peabody, iliyo miongoni mwa tuzo kubwa za utangazaji Marekani. Jina lake kamili lilitaja hadithi 14 za Eric Morse, kwani katika Kiingereza cha Marekani neno moja hubeba maana ya hadithi na ya ghorofa.

Yamkini utasema, msomaji, kwamba si adabu mtoto kuanika aibu ya wazazi wake mbele ya umma, na kwamba mkubwa aliyekata na kuunga kanda ndiye hasa msemaji. Hoja hizi si za kupuuzwa. Sauti ya mtoto yaweza kuuzwa kama bidhaa, na umaskini wake ukawa burudani ya walioshiba. Walakini dawa ya hatari hiyo si kumziba mtoto kinywa. Dawa ni kumfundisha kazi kwa ukamilifu: kuomba ruhusa kabla ya kurekodi, kuuliza bila ya kudhalilisha, kuhakikisha kabla ya kutangaza, na kujua neno gani libaki na lipi litoke. Nyumba iliyonyamaza haiwi na heshima zaidi. Huwa na giza zaidi.

Mbegu ile ilizaa. Mwaka 2003 Isay alianzisha StoryCorps, mahali pa watu wa kawaida kuhojiana na wapendwa wao. Mwaka 2019 redio ya taifa ya Marekani, NPR, ilishindanisha vipindi vilivyotengenezwa na wanafunzi, na miongoni mwa washindi walikuwa wasichana wa shule moja ya Bronx, New York, waliosema waziwazi juu ya hedhi na haya inayoizunguka. Jambo hilo si geni kwetu: mwaka 2017 Kenya ilitunga sheria ya kuwapa wasichana wa shule sodo bila ya malipo. Je, sheria hiyo imefika darasani kwako? Hapana ajuaye kuliko wanafunzi wenyewe.

Majumba ya Ida B. Wells yalibomolewa yote, kazi ikamalizika mwaka 2011. Lloyd Newman alifariki mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 43. Matofali yameondoka na msemaji mmoja ameondoka, lakini yale waliyouliza wavulana wawili yangali yasikika. Siku hizi simu moja yatosha kunasa sauti. Kilichobaki adimu ni swali jema, na ushujaa wa kungoja jibu lake.