Tanbihi na Ushahidi wa Wazee wa Kajiado
Mtindo wa kutaja mwandishi na mwaka ndani ya mabano, ambao mwanazuolojia Edward Laurens Mark wa Chuo Kikuu cha Harvard aliutumia mwaka 1881, waitosha sayansi, lakini hauitoshi historia ya Kajiado na Kitengela nchini Kenya. Mikataba ya ardhi ya 1904 na 1911, iliyowahamisha Wamaasai, imo katika maandishi ya serikali, ilhali kumbukumbu za wahamishwa zilipokezanwa kwa mdomo, na wakati wake ukapimwa kwa rika, yaani kundi la waliotahiriwa kipindi kimoja. Tanbihi, maelezo ya chini ya ukurasa, hubeba jina la mzee, rika lake na tarehe ya mahojiano. Mtafiti wa Kajiado na aichague tanbihi.