Kijana Aliyerudi Kutoka Goa

Wiki iliyopita jirani yetu mmoja alikuja kunitafuta. Mimi namwita shangazi ingawa hatuna damu moja, ndivyo tulivyolelewa hapa Mji wa Kale. Kijana wake ana miaka 16, na kanisa lao limemchagua aende na wenzake safari ya misheni nje ya nchi, miezi miwili. Shangazi anataka nimtengenezee video ya kuomba mchango wa tiketi. "Wewe si ndiwe mtu wa mitandao? Tufanyie basi, mwanangu."

Nikamwambia, shangazi, nipe siku mbili. Akanitazama vile wazazi wa mtaani wanavyonitazama tangu niache chuo. Yaani huna kazi, huna darasa, siku mbili za nini?

Siku mbili ni kwa sababu alinisimamisha Ndia Kuu. Na Ndia Kuu ina stori ya kijana aliyepelekwa ng'ambo kwa jina la Kristo, stori iliyoishia kwa damu, papa hapa.

Wengi wetu tunaijua Ndia Kuu kama barabara ya kutoka Fort Jesus kuingia mitaani, milango ya nakshi, maduka ya vinyago, tuktuk zikikupigia honi. Ndia ni njia, kwa Kimvita. Lakini Wareno waliiita La Raposeira. Walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na mtaa wao ukakua ukifuata barabara hii. Watawa wa Mtakatifu Augustino nao walikuwa na nyumba yao na kanisa. Kwa hiyo mtu akikwambia Ukristo Mombasa uliletwa na Krapf mwaka 1844, mwambie arudi nyuma karibu miaka 250.

Sasa, Wareno walimweka Mombasa sultani wa ukoo wa Malindi, maana Malindi walikuwa marafiki zao. Urafiki ukavunjika. Sultan Hasan bin Ahmad aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko kwa mpango wa Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa, India, makao makuu yao upande huu wa dunia.

Hasan alikuwa na mtoto wa kiume, Yusuf, wa miaka kama saba. Naye akapelekwa Goa.

Tulia hapo kwanza. Mji uliopokea kichwa cha babake ndio mji aliopelekwa kulelewa. Na waliomlea, watawa wa Augustino, walikuwa watu wa dini ya wale wale waliompangia babake kifo. Sisemi watawa walimchukia. Inawezekana kabisa kuna aliyempenda kama mwanawe, akamfunika blanketi usiku. Lakini nani alikaa chini na yule mtoto akamuuliza, una uchungu gani moyoni?

Alibatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Ujana wake wote ukapita kule. Akasoma, akatumikia manowari za Wareno, akaoa mke Mkristo. Kwa macho ya waliompeleka, mradi umefaulu. Mwaka 1626 akarudishwa Mombasa awe mfalme, Mkristo wa kwanza kukalia kiti hicho, na akamwandikia Papa barua ya utii. Alikuwa na miaka kama 20 hivi. Umri wangu mimi, zaidi kidogo au pungufu kidogo.

Hebu jiweke kwenye viatu vyake. Watu wako wa Mvita wanakuona Mreno. Unavaa kama wao, unasali kama wao, Kiswahili chako sijui kimebaki kiasi gani. Unajiambia haya, angalau wenzangu wa ngome ni ndugu zangu katika imani, ndivyo nilivyofundishwa miaka kumi na mbili. Unaenda ngomeni, na kule unaonekana mwenyeji tu. Kapteni anakudharau, mfalme mzima.

Hapo ndipo mimi naona kosa lilipo. Watu wengi wakisimulia kisa hiki wanauliza kama imani yake ilikuwa ya kweli au ya kuigiza. Hilo tumwachie Mungu. Mimi nauliza kuhusu ahadi. Ukimchukua mtoto wa watu ukamwambia kwetu sisi sote ni sawa, umeweka ahadi, na ahadi hiyo haidaiwi kule ulikomfundishia. Inadaiwa siku anaporudi.

Habari za Wareno wenyewe zinasema alionekana akisali kwa siri kwenye kaburi la babake, kwa namna ya Kiislamu, na maneno yakamfikia kapteni. Yusuf hakungoja kukamatwa. Agosti 1631, siku za sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, aliingia Fort Jesus na watu wake akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa kwa mkono wake. Akarudi kwenye jina lake, Yusuf bin Hasan. Mtaa wa Wareno ukachomwa. Waliokimbilia kwa watawa wakatolewa. Wakawekwa kwenye chaguo la kusilimu au kufa, na wengi wakafa. Idadi inayotajwa sana ni kama 150. Walikuwemo wanawake na watoto, na Waafrika waliobatizwa, watu wa pwani hii hii kama mimi na wewe.

Kuna wanaomfanya shujaa wa kupinga ukoloni. Mimi siwezi. Mtoto aliyenyang'anywa baba alipopata nguvu aliua watoto wa wengine. Mwaka 1632 Wareno walitoka Goa kuja kuizingira ngome wakashindwa, lakini yeye naye akaondoka na meli, akawa mtu wa kuvamia vyombo baharini, akafia Jeddah mwaka 1638. Hakupata kwao Goa, wala hakupata kwao Mombasa.

Ili nisionekane napiga vita misheni, vuka daraja la Nyali mpaka Kengeleni. Miaka ya 1800 kuna watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa wakapelekwa India vilevile, kwenye kituo cha wamishenari karibu na Nashik. Walijifunza ufundi, kusoma, dini. Baadhi wakarudi Rabai, na wengine wakaja Freretown baada ya kuanzishwa miaka ya 1870. Hao nao walidharauliwa na baadhi ya Wazungu wa misheni, tusidanganyane. Lakini walirudi wakapata kazi ya kufanya na watu wa kusimama nao. Mmoja wao, William Jones, alipewa daraja la ushemasi mwaka 1885. Kule Rabai alikokuwa akihudumu, watumwa watoro kwa mamia walipata hifadhi. India ni ile ile, bahari ni ile ile.

Na nyinyi wa upande wangu msicheke. Sisi pia tunapeleka watoto mbali kusoma dini, na mtoto akirudi na swali tunamwambia anyamaze.

Mimi najua kidogo kurudi kulivyo. Nilichangiwa niende chuo bara, harambee mbili, mama akauza mkufu. Niliporudi bila cheti, watu wote walikuwa na la kusema. Aliyeniuliza "kulikuwaje huko?" ni nyanya yangu peke yake.

Kwa hiyo siku ya pili nilimwendea shangazi. Nikamuuliza paspoti atashika nani. Ataweza kupiga simu nyumbani bila mtu kusimama pembeni? Akitaka kurudi wiki ya pili, tiketi ipo? Na akirudi amebadilika, kwa kuamini zaidi au kuamini kidogo, mlango uko wazi? Tatu za mwanzo hakuwa na jibu, akasema atamuuliza mchungaji. Ya nne alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Huyu ni mwanangu."

Halafu nikamwomba nikae na kijana peke yetu. Nikamuuliza wewe unataka kwenda? Akasema anataka kupanda ndege, anataka kuimba na wenzake, na anaogopa chakula. Jibu safi kabisa.

Video tutaifanya Jumamosi, shangazi akishaleta majibu. Atakayeongea ni yeye kijana, mimi nitashika simu tu.