Kupasua kwa kutazama kioo

Upasuaji wa matundu madogo humnyima daktari kitu alichokizoea: kuona kwa macho yake nyama anayoikata. Tumbo hujazwa gesi, kamera hupitishwa kitovuni, na kazi yote hufuatwa kwenye skrini. Picha ni bapa, haioneshi kina. Vifaa huzungukia kwenye tundu la ngozi kama kasia kwenye kishwara, hivyo mkono ukienda kulia, ncha huenda kushoto. Lenzi huingia ukungu kwa joto la tumbo, na kamera yenyewe mara nyingi huwa mkononi mwa msaidizi. Akiiinamisha, tumbo zima huonekana limelala upande.

Daktari Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm alilichungulia tumbo la binadamu mwaka 1910. Zogo lilikuja Ujerumani. Septemba 13, 1980, Kurt Semm, daktari wa wanawake mjini Kiel, aliondoa kidole tumbo kwa njia hii. Kiongozi wa chama cha wapasuaji alitaka azuiwe kutibu, na jarida moja la Marekani likaikataa makala yake kwa madai kwamba jambo hilo ni kinyume cha maadili. Inasimuliwa pia kwamba wenzake walimtaka apigwe picha ya ubongo. Septemba 12, 1985, Erich Mühe wa Böblingen alitoa kifuko cha nyongo, naye akabezwa. Chama hichohicho kilikuja kumtuza mwaka 1992, bila haya. Mühe alichungulia kwa jicho. Video ilishika kasi baada ya Philippe Mouret wa Lyon kuitumia mwaka 1987.

Hapo mrija mkuu wa nyongo ukazidi kukatwa ukidhaniwa ni ule mdogo wa kifuko. Mwaka 1995 mpasuaji Steven Strasberg alisisitiza kusafisha eneo mpaka mirija ithibitike kabla ya kukata. Mwaka 2003 Lawrence Way na wenzake walichambua majeraha 252: asilimia 97 ya makosa yalitokana na macho kudanganywa, si mikono kukosa ustadi.

Nchini Tanzania, kutoka wilaya za Ngara na Biharamulo, rufaa kubwa huelekea Chato au Bugando, Mwanza, ambako tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limechukua nafasi ya kivuko. Barabara na mashine huzungumzwa sana. Kuyazoeza macho ya daktari wa wilaya, nadra. Ilhali sanduku la kadibodi lenye matundu mawili, taa ndani na kamera ya simu juu yake linatosha kumzoeza kufunga fundo akitazama kioo.