Alama za Tabia

Nilianza kufundisha sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hakuna kazi iliyonichosha kama kujaza fomu za tabia. Kusahihisha hesabu kwa taa ya chemli ni kazi ya macho tu: mtoto kapata au kakosa. Lakini utii wake unausahihishaje?

Mzigo huo ulitoka Musoma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikutana kule na kuona kuwa, miaka saba baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea, shule bado zinaabudu mtihani wa mwisho. Baraza la Mitihani lilikuwa limeundwa mwaka mmoja tu kabla. Kuanzia 1976, maendeleo ya darasani yakapewa nusu ya alama za kidato cha nne, na tabia nayo ikaanza kupimwa: bidii ya kazi, utunzaji wa mali, ushirikiano, heshima, utii, usafi, uaminifu. Kila kimoja na herufi yake.

Vingine vilipimika. Kwenye shamba la shule kila mwanafunzi alikuwa na matuta yake. Ukipita jioni unaona huyu kalima mpaka mwisho, yule kafunika majani kwa udongo kidogo ili tuta lionekane limenona. Jembe likirudi stoo limevunjika mpini, hapo huhitaji kikao. Wapo waliokuwa wakiburuza mkia kwenye fizikia ambao A zao za shambani zilikuwa halali kabisa.

Utii ndio uliotushinda. Mwalimu wa nidhamu ana kipimo chake, matroni ana chake. Kijana mwenye maswali mengi kwenye kipindi cha siasa alipewa A na mmoja, D na mwingine. Nilimpigania mmoja wa namna hiyo mbele ya mkuu wa shule, tukaishia B. Basi B ikawa kimbilio. Huna uhakika? B. Hutaki kumharibia mtoto wa watu? B.

Upendeleo ulikuwepo, sikatai. Ila aliyetunga fomu hakutuambia A ya uaminifu inaonekanaje. Angeandika tu, "akitumwa dukani hurudisha chenji yote," tungejua pa kuangalia.

Safu zile bado zimo kwenye ripoti za shule nyingi. Mjukuu wangu kaniletea yake, B kutoka juu mpaka chini. Nikamuuliza nani alikagua usafi wake. Akasema labda mwalimu wa darasa, ila huyo alikuwa likizo ya uzazi tangu muhula uanze.