Mvua zikianza Katavi: barabara yako inahudumiwa na nani, nawe ufanye nini

Kila mwaka mvua za msimu zinapoanza, kwa kawaida mwezi Novemba, simu za studio yetu hubadilika. Waliokuwa wakituma salamu na kuchagua nyimbo wanaanza kuuliza swali moja: barabara imekatika, tumwambie nani?

Si swali dogo. Mvua za Katavi hunyesha msimu mmoja mrefu, hadi Aprili. Barabara ikifungwa Januari, mkulima wa mpunga wa Mwamkulu au Kakese hukosa mbolea wakati anaihitaji, mwanafunzi haendi shule, na mjamzito aliyepaswa kufika hospitali usiku hubebwa kwa pikipiki inayoteleza.

Nasi tuliwahi kukosea. Msikilizaji mmoja alitupigia kuhusu kalavati lililoziba mtaani kwake, tukamwelekeza ofisi isiyohusika. Huko akaambiwa aende ofisi nyingine, nayo ikamrudisha alikotoka. Siku zikapita na maji yakaendelea kula barabara. Tangu hapo tumejifunza kuuliza kwanza: hiyo ni barabara ya aina gani?

Barabara ni ya nani?

Barabara kuu na barabara za mkoa zinasimamiwa na TANROADS, wakala ulio chini ya wizara inayohusika na ujenzi. Hapa kwetu ni kama ile ya kutoka Mpanda kupita Sitalike hadi Sumbawanga, na ile ya Tabora kupitia Sikonge na Koga, ambayo lami yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2022. Barabara kuu ikipita katikati ya mji bado ni ya TANROADS.

Barabara za wilaya, yaani za mkusanyo, za mlisho na za jamii, ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, uliozinduliwa Julai 2017 chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na halmashauri zenyewe, ndiyo maana wengi bado hukimbilia manispaa. Barabara nyingi za mitaa ya Makanyagio, Kawajense, Nsemulwa au Shanwe ziko katika kundi hili.

Manispaa bado ina sehemu yake: usafi na uzoaji wa taka. Mtaro ukiziba kwa taka, suala hilo linaigusa manispaa na TARURA kwa pamoja.

Fedha za matengenezo hutoka zaidi kwenye Mfuko wa Barabara, unaojazwa na tozo ya mafuta. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Kwa hiyo dereva wa bodaboda anayejaza mafuta asubuhi ameshachangia barabara anayopita.

Kwa nini barabara ya udongo hukatika?

Adui ni maji yanayosimama. Barabara ya udongo au changarawe huchongwa iwe na mgongo katikati ili maji yateremke pande zote mbili. Barabara yenye upana wa mita 6 na mteremko wa asilimia 5 hutakiwa kuwa juu katikati kwa sentimita 15 kuliko ukingoni. Maji yakifika pembeni hupokelewa na mtaro, kisha mifereji ya kutolea maji huyapeleka mbali, au kalavati huyavusha upande wa pili.

Kiungo kimoja kikikosekana, vyote huharibika. Mgongo ukisagika, maji hukaa katikati na magurudumu huchimba mashimo. Mtaro ukiziba, maji hugeuza barabara kuwa mto. Kalavati likiziba, maji hupita juu na kula kifusi hadi barabara inakatika. Lori lenye mzigo mkubwa likipita udongo ukiwa umelowa, siku moja hufanya uharibifu ambao kiangazi kizima kisingeufanya.

Kwa nini greda haliji leo?

Wengi hukasirika kuona greda haliji katikati ya mvua. Kuchonga udongo uliolowa chapachapa ni kutengeneza tope zaidi, kwa sababu hauwezi kushindiliwa. Kazi kubwa hufanyika vizuri mvua zinapoisha, udongo ukiwa bado na unyevu kiasi, au kabla hazijaanza.

Zaidi ya hapo, kazi hupangwa kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Kuna matengenezo ya kawaida, ya muda maalumu, ya sehemu korofi, na ya madaraja na makalavati. Ombi la Januari huweza kupata msaada wa dharura iwapo mawasiliano yamekatika kabisa. Lakini ukitaka barabara ya mtaa wako iingie kwenye mpango, lisemee mapema, miezi mingi kabla ya Julai, katika mkutano wa mtaa au kijiji, na hakikisha limeandikwa kwenye muhtasari.

Sehemu ya mwananchi

Katika nchi za baridi kali, kinachofunga barabara ni theluji. Jijini Chicago, Marekani, magari ya jiji husafisha barabara, lakini sheria humtaka mwenye eneo aondoe theluji kwenye njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele yake. Sisi theluji tunaiona Kilimanjaro tu. Hata hivyo utaratibu ule unatufaa: wakala na barabara yake, mkazi na mbele ya mlango wake.

Kabla ya mvua, zibua mtaro ulio mbele ya nyumba au duka lako, na udongo unaoutoa usiurudishe barabarani. Usijaze mtaro kifusi ili upate njia ya kuingizia gari. Uliza TARURA utaratibu wa kuweka kalavati. Usilime ukingoni mwa barabara wala kuchota mchanga karibu na daraja, kwa maana nguzo zake hubaki bila kitu cha kuzishika.

Ukiona uharibifu, anza kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kisha mtendaji wa kata na diwani. Taja jina la barabara, mahali penyewe, lini imeharibika, na kama gari, pikipiki au mtu wa miguu bado anaweza kupita. Picha moja ya simu yenye kitu cha kuonyesha ukubwa wa shimo husaidia kuliko maneno mengi.

Na maji yakipita juu ya barabara, usivuke. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 yanaweza kuanza kulisukuma gari dogo. Tena huwezi kuona kama barabara iliyo chini bado ipo. Weka matawi au alama umbali wa kutosha pande zote ili wanaokuja usiku waone, na kwa uokoaji piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kwa hiyo leo, kabla mawingu hayajafunga, muulize mwenyekiti wako jambo moja: barabara yetu hii ni ya TANROADS au ya TARURA? Liandike jibu mahali utakapoliona. Siku itakapokatika, hutapoteza wiki nzima ukizungushwa ofisi hadi ofisi.