Lugha na fikra za mtoto

Lugha na fikra za mtoto ni mada ya saikolojia ya ukuaji na ya isimu inayochunguza jinsi lugha anayoisikia na kuitumia mtoto katika miaka yake ya kwanza inavyoathiri namna anavyopanga vitu katika makundi, anavyohesabu, anavyoelewa mawazo ya wengine na anavyojiongoza mwenyewe.

Utafiti umeonyesha kwamba mtoto huanza kufikiri kabla hajajua kusema. Hata hivyo, lugha humpatia nyenzo ambazo bila maneno angezipata kwa shida au kwa kuchelewa sana. Kwa sababu hiyo mada hii ina uzito wa pekee kwa watoto viziwi wasiopata lugha mapema, na kwa wanafunzi wanaofundishwa kwa lugha wasiyoielewa.

Historia ya mjadala

Mwaka 1923 Jean Piaget (1896–1980), mwanasaikolojia wa Uswisi, alitoa kitabu kuhusu lugha na fikra za mtoto. Aliona kwamba watoto wadogo husema peke yao wakati wa kucheza, bila kujali kama kuna anayewasikiliza. Kwake, usemi huo ulikuwa dalili ya akili ambayo bado haijaweza kutazama mambo kwa jicho la mwingine, nao hupotea kadiri mtoto anavyokua. Hivyo lugha ilifuata hatua za fikra, haikuzitengeneza.

Lev Vygotsky (1896–1934), mwanasaikolojia wa Umoja wa Kisovyeti, alipinga maelezo hayo katika kitabu chake juu ya fikra na usemi, kilichotolewa mwaka 1934. Yeye na wenzake waliwawekea watoto vikwazo katika kazi, kwa mfano mtoto anataka kuchora lakini penseli anayoihitaji haipo. Mara watoto walianza kusema peke yao zaidi kuliko awali: walitaja tatizo, walipanga la kufanya, kisha wakalifanya. Vygotsky alihitimisha kwamba usemi huo ni chombo cha kufikiri. Mtoto huupokea kwanza kwa wakubwa wanaomwelekeza, kisha hujielekeza mwenyewe kwa sauti, na mwishowe sauti huzama na kuwa usemi wa ndani. Mwaka 1962 Piaget, katika maoni yake juu ya kitabu hicho, alikubaliana na Vygotsky kwamba usemi wa peke yake ndio mwanzo wa usemi wa ndani.

Fikra kabla ya maneno

Majaribio ya watoto wachanga hutumia muda wa kutazama: mtoto hukazia macho kwa muda mrefu zaidi jambo lisilolingana na matarajio yake. Mwaka 1992 Karen Wynn aliwaonyesha watoto wa miezi 5 mwanasesere mmoja akifichwa nyuma ya kiwambo, kisha wa pili akiongezwa. Kiwambo kilipoondolewa na kuonekana mwanasesere mmoja tu, watoto walitazama kwa muda mrefu zaidi kuliko walipoonekana wawili. Kwa hiyo hisia ya idadi ndogo ipo kabla ya maneno ya kuhesabia.

Mwaka 2004 Susan Hespos na Elizabeth Spelke walichunguza tofauti inayotiliwa mkazo katika Kikorea, ambacho kina vitenzi tofauti kwa kitu kinachobana mahali pake na kitu kinachokaa kwa kulegea. Kiingereza hakitofautishi hivyo. Watoto wa miezi 5 kutoka nyumba zinazosema Kiingereza waliitambua tofauti hiyo, ingawa watu wazima wa lugha yao hawaizingatii sana. Inaonekana kwamba mtoto huzaliwa akiwa tayari kuona tofauti nyingi, na lugha ya nyumbani humzoeza kuzingatia baadhi yake kuliko nyingine.

Kiswahili nacho kina madai yake. Mtoto anayejifunza Kiswahili hana budi kuzingatia kama kitu kipo mahali dhahiri, kiko mahali pasipo dhahiri, au kimo ndani ya kitu kingine, kwa maana viambishi -po, -ko na -mo humtaka achague.

Majina na makundi

Jina humsaidia mtoto kuona kwamba vitu visivyofanana kabisa ni vya aina moja. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010, watoto wa miezi 3 na 4 walionyeshwa picha za dinosauri mbalimbali. Waliosikia maneno pamoja na picha walitambua baadaye kwamba dinosauri mpya ni wa kundi lile lile. Waliosikia milio ya mashine badala ya maneno hawakutambua.

Majina pia hubeba hoja. Mwaka 1986 Susan Gelman na Ellen Markman waliwaonyesha watoto wa miaka 4 picha ya ndege aina ya heroe na ya popo, wakawaeleza sifa moja ya kila mmoja. Kisha waliwaonyesha ndege mweusi aliyefanana zaidi na popo, wakiwaambia kuwa naye ni ndege. Watoto wengi walisema kwamba ana sifa ya heroe. Walifuata jina, si sura.

Maneno ya uhusiano nayo yana kazi kama hiyo. Jeffrey Loewenstein na Dedre Gentner (2005) waliwapa watoto wa shule ya awali masanduku mawili yenye ngazi tatu. Kitu kilifichwa katika ngazi moja ya sanduku la kwanza, na mtoto alitakiwa kutafuta mwenzake mahali pale pale katika sanduku la pili. Watoto waliosikia maneno yenye maana ya "juu", "katikati" na "chini" walifanya vizuri kuliko waliosikia "hapa" tu.

Kuhesabu

Mtoto wa miaka 2 au 3 huweza kukariri "moja, mbili, tatu, nne" kama wimbo bila kujua maana yake. Akiombwa vitu vitatu, huchota tu vingi kwa mkono. Kwanza hujua maana ya "moja". Baada ya miezi kadhaa "mbili", kisha "tatu". Mara nyingi akikaribia miaka 4 hung'amua kanuni yenyewe: neno la mwisho katika kuhesabu hutaja idadi ya vitu vyote.

Umuhimu wa maneno hayo umeonekana kati ya Wapirahã wa msitu wa Amazon nchini Brazil, ambao lugha yao haina maneno ya idadi kamili. Uchunguzi wa Peter Gordon (2004) na wa Michael Frank na wenzake (2008) ulionyesha kwamba wanaweza kulinganisha vitu moja kwa moja vikiwa mbele ya macho, lakini hukosea idadi kubwa inapobidi kuikumbuka. Neno la idadi ni kama kapu: humwezesha mtu kubeba kiasi kamili kutoka mahali hadi mahali.

Muundo wa maneno una athari pia. Katika utafiti wa mwaka 1995, watoto wa China na wa Marekani hawakutofautiana katika kuhesabu hadi 10, lakini wale wa Marekani walibaki nyuma kati ya 11 na 20. Kichina husema "kumi moja, kumi mbili", ilhali Kiingereza kina maneno ambayo hayaonyeshi kumi waziwazi. Kiswahili hufanana na Kichina katika "kumi na moja" na "kumi na mbili", lakini "ishirini" na "thelathini", yaliyotoka Kiarabu, hayamwonyeshi mtoto "mbili" wala "tatu" ndani yake.

Kuelewa mawazo ya wengine

Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner walibuni hadithi ya mtoto aliyeweka chokoleti kabatini na kutoka nje. Mama yake akaihamisha. Akirudi, mtoto ataitafuta wapi? Watoto wa miaka 3 kwa kawaida hutaja mahali ilipo sasa. Kuanzia miaka 4 au 5 wengi hujibu kwamba ataitafuta alipoiacha, maana wameelewa kwamba mtu huweza kuamini jambo lisilo kweli.

Uwezo huo huendana na lugha. Uchambuzi wa mwaka 2007 uliounganisha tafiti zaidi ya 100 ulikuta kwamba watoto wenye lugha pana zaidi hufaulu jaribio hili vizuri zaidi. Vitenzi kama "kujua", "kufikiri", "kudhani" na "kusahau" humpa mtoto njia ya kutaja kitu kisichoonekana kwa macho. Sentensi kama "Alidhani chokoleti imo kabatini" huweza kuwa kweli hata kama chokoleti haimo.

Watoto viziwi

Ushahidi wenye nguvu umetoka kwa watoto viziwi. Wale waliozaliwa na wazazi viziwi hupata lugha ya alama tangu kuzaliwa, nao hufaulu jaribio hilo katika umri ule ule wa watoto wanaosikia. Wale waliozaliwa katika familia zisizojua lugha ya alama mara nyingi huchelewa kwa miaka. Tofauti basi haitokani na uziwi, bali na kukosa lugha.

Nchini Nikaragua viziwi wengi waliishi wametengana, kila mmoja akitumia ishara za nyumbani kwake. Mwaka 1977 shule ya elimu maalumu ilifunguliwa mjini Managua, na miaka ya 1980 mamia ya watoto viziwi walikutanishwa. Walimu walijaribu kuwafundisha Kihispania cha kusoma midomo, bila mafanikio makubwa, lakini watoto wenyewe waliunda lugha mpya ya alama, na kila kundi lililofuata liliitajirisha.

Jennie Pyers na Ann Senghas walilinganisha watu wazima wa kundi la kwanza na vijana wa kundi la pili. Mwaka 2001 wale wa kwanza, ingawa walikuwa na umri mkubwa zaidi, walitumia alama chache za kutaja mawazo na walishindwa zaidi katika kazi ya imani isiyo kweli. Kufikia mwaka 2003 walikuwa wamejifunza alama hizo, nao wakafanya vizuri zaidi. Miaka mingi ya kuishi na watu haikuwapa kile walichopewa na maneno.

Katika Afrika ya Mashariki, katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na ya Kenya ya mwaka 2010 zinataka lugha ya alama iendelezwe. Kwa mtoto kiziwi, faida yake hutegemea kama inamfikia nyumbani katika miaka ya kwanza au baada ya kuanza shule tu.

Lugha shuleni

Ikiwa lugha ni chombo cha kufikiri, mtoto anayefundishwa kwa lugha asiyoielewa hunyang'anywa chombo hicho darasani. Huweza kukariri jibu, lakini hawezi kuuliza "kwa nini" wala kueleza alipokwama. Mwaka 1953 UNESCO ilipendekeza elimu ya mwanzo itolewe kwa lugha ya mama. Nchini Nigeria mradi wa Ife, ulioanza mwaka 1970 chini ya Aliu Babatunde Fafunwa, ulifundisha shule ya msingi yote kwa Kiyoruba, Kiingereza kikiwa somo. Wanafunzi wake walifanya vizuri kuliko wenzao, hata katika Kiingereza.

Nchini Tanzania Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 1967, na Kiingereza hushika nafasi hiyo sekondari. Nchini Kenya sera inataka lugha ya eneo itumike katika madarasa ya kwanza.

Mipaka ya athari

Wataalamu wengi hawakubali kwamba lugha hufunga fikra. Msemaji wa lugha yoyote huweza kujifunza tofauti zinazotajwa na lugha nyingine, na mtoto mwenye lugha mbili hazigawi akili zake. Pia ni vigumu kutenganisha lugha na malezi: mtoto anayesikia maneno mengi mara nyingi pia husikilizwa, huulizwa na husimuliwa hadithi. Kinachokubaliwa kwa upana zaidi ni kwamba lugha yoyote kamili, iwe ya kusemwa au ya alama, hutosha kumjengea mtoto fikra, mradi aipate mapema na kutoka kwa watu wanaozungumza naye.